Mashine Hupimwa Kila Asubuhi, Jicho la Daktari Hupimwa Lini?

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, madaktari wenzangu, ndugu zetu wa fizikia tiba, na nyinyi mnaowalaza wagonjwa mezani siku zote za juma, habari za asubuhi.

Naomba kwanza mtazame picha iliyo ukutani. Ni kipande kimoja cha CT ya shingo, yaani picha ya eksirei inayouonyesha mwili vipande vipande, unene wake milimita 3. Mwenye shingo hii ana saratani ya koo. Uvimbe uko hapa, upande wa kulia, umelisukuma koo mpaka tundu la hewa limepinda kama mwezi mchanga. Hapa chini ya sikio ni tezi kubwa ya mate. Nyuma kabisa, ndani ya pete ya mfupa, ni uti wa mgongo. Kipande hiki kina wenzake wengi, kuanzia chini ya fuvu mpaka juu ya mapafu, na juu ya kila kimoja daktari anatakiwa achore mstari: hapa ndipo mionzi iue, hapa ipite kidogo, hapa isiguse.

Nimealikwa nizungumzie mafunzo endelevu ya madaktari katika tiba ya mionzi ya kisasa. Ningeweza kuwaletea picha za mashine mpya zinazong'aa, nanyi mngezipiga picha kwa simu zenu. Nimechagua kuwaletea huu mstari, kwa sababu nimeamini kwa miaka mingi sasa kwamba hapo ndipo wagonjwa wetu wanapopona au kupotea, na hapo ndipo tunapojifunza kidogo kuliko mahali pengine popote.

Mnaijua kazi ya asubuhi katika chumba cha mionzi. Kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, mashine hupimwa. Dozi inayotoka leo hulinganishwa na ile inayotakiwa, na ikipishana kwa zaidi ya asilimia 3 hakuna anayelazwa mezani mpaka mtaalamu wa fizikia ajue kwa nini. Taa za kulengea hupimwa, meza hupimwa, mlango hupimwa kama unakata mionzi ukifunguliwa. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 1969 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki na Shirika la Afya Duniani wamekuwa wakituma kwa posta vipimo vidogo ambavyo hospitali huvipiga mionzi na kuvirudisha, ili mtu wa mbali asiyekujua aseme kama dozi yako ni ya kweli.

Sasa nauliza, na swali hili nimejiuliza mwenyewe kabla yenu. Mkono unaochora ule mstari ulipimwa lini mara ya mwisho? Wangu ulipimwa siku ya mtihani wa ubingwa. Baada ya hapo ilipita miaka mingi bila mtu yeyote kuulinganisha na chochote.

Zamani hilo halikuwa na madhara makubwa kama sasa, na naomba nieleze kwa nini. Röntgen aligundua miale ya eksirei mwishoni mwa 1895, na haukupita muda mrefu watu wakaanza kuitumia kwa saratani. Mwaka 1951 mashine ya kobalti, madini yanayotoa mionzi yenyewe, ilianza kutibu wagonjwa Kanada, na 1953 mashine ya LINAC, inayotengeneza mionzi kwa umeme, ikamtibu mgonjwa wake wa kwanza London. Lakini hata mashine zilipopata nguvu, macho yetu yalikuwa bado hafifu. Tulikuwa na picha za eksirei za mifupa, vidole vya kupapasia, na akili ya kukisia. Kwa kuwa hatukuuona uvimbe, tulipiga eneo pana. CT ilipokuja kuanzia 1971 tulianza kuona, na katika miaka ya 1990 kompyuta zikaweza kuukata mwale vipande vidogo vidogo, kila kipande na nguvu yake, kwa vibamba vya tungsteni vinavyoingia na kutoka kama vidole. Dozi ikaanza kujikunja kufuata umbo la uvimbe. Leo mashine inamzunguka mgonjwa huku vidole hivyo vikicheza, na kabla ya kupiga inachukua CT nyingine palepale mezani kuhakikisha kila kitu kiko mahali pake.

Faida yake si ya kubishania. Wengi wenu mmewahi kukaa na mgonjwa aliyepona saratani ya koo kwa mionzi ya zamani. Anatembea na chupa ya maji mchana na usiku. Mkate haumezi bila mchuzi. Usiku anaamka ulimi umegandana na kaakaa. Uingereza walifanya utafiti wa kuwalinganisha wagonjwa waliopigwa mionzi kwa njia ya kale na waliopigwa kwa njia mpya ya kuzikwepa tezi za mate, matokeo yakatoka 2011: baada ya mwaka mmoja, ukavu mbaya wa kinywa uliwapata asilimia 74 ya wale wa njia ya kale, na asilimia 38 ya wale wa njia mpya. Mtu kuweza kula chakula na familia yake bila kuomba maji kila tonge ni jambo kubwa, hata kama katika jedwali la utafiti linaandikwa kwa namba mbili tu.

Ila eneo pana lilikuwa na huruma moja. Lilimsamehe daktari asiyejua. Kitu ambacho hukukijua jina lake kilipigwa mionzi hata hivyo, kwa kuwa kilikuwa ndani ya mraba wako. Mwale wa kisasa hausamehi. Milimita chache nje ya mstari wako dozi inaporomoka kama ukingo wa mto uliokatika, na chembe za saratani zilizoachwa nje ya mstari zimeachwa kweli.

Naomba niwasimulie kilichonipata mimi.

Nilifunzwa kwa kobalti. Tulikuwa tukichora mraba juu ya ngozi kwa wino wa zambarau, tukamsihi mgonjwa asiuoshe mpaka tumalize. Shingo tulikuwa tukiipiga kutoka kulia na kushoto, miale miwili ikikutana katikati. Nilifanya hivyo kwa miaka mingi na niliaminika. Kisha mashine mpya ikafungwa pale nilipokuwa nafanya kazi. Kampuni ikaleta mwalimu wa wiki mbili. Akatufundisha wapi pa kubofya, namna ya kuhifadhi faili, namna ya kufungua picha. Alikuwa mwalimu mzuri wa alichoagizwa kufundisha. Wiki ya tatu mimi nikaanza kuchora shingo za watu.

Miongoni mwa wagonjwa wangu wa mwanzo alikuwa mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, sauti yake imekwaruzika lakini bado ana utani. Nilimchorea uvimbe vizuri. Nikazichora tezi za limfu za pembeni mwa shingo, pande zote mbili. Nikazikwepa tezi za mate, nikajipongeza. Alimaliza tiba kinywa chake kikiwa na mate, uvimbe ukayeyuka, akarudi darasani.

Mwezi wa 11 baada ya tiba alirudi kwangu na maumivu nyuma ya sikio, yanapanda kichwani. Tulimpiga picha. Kulikuwa na tezi ya limfu iliyovimba nyuma ya koo, mbele kabisa ya mifupa ya shingo. Niliifungua CT yake ya zamani nikaiweka picha mpya juu yake. Tezi ile ilikuwa nje ya mstari wangu, nje kwa kiasi cha upana wa kidole. Dozi iliyofika pale ilikuwa ndogo mno kuweza kuua chochote.

Nilikaa na picha zile mbili mpaka taa za ukumbini zikazimwa. Nilichokuwa nikitafuta ni jibu la kwa nini sikuchora pale, na jibu nililolipata lilinishtua. Sikuwahi kupachora. Katika miaka yote ya kobalti tezi zile zilipigwa kila siku kwa kuwa miale yangu miwili ilipita juu yake, na mimi sikuhitaji hata kujua kwamba zipo. Nilidhani nina uzoefu wa shingo. Nilikuwa na uzoefu wa miraba.

Jioni ile daktari kijana aliyekuwa chini yangu alinikuta. Akasema, "Mwalimu, samahani, naweza kukuonyesha kitu?" Akafungua mwongozo wa kimataifa wa kuchora tezi za limfu za shingo. Ulikuwa umechapishwa 2003, ukapitiwa upya miaka kama kumi baadaye. Tezi za nyuma ya koo zimo, na mipaka yake imeelezwa juu, chini, ndani na nje. Yeye aliusoma akiwa mwanafunzi. Mimi nilikuwa nimesaini vyeti vya semina nyingi ndani ya miaka hiyo, na katika semina zote hizo hakuna hata moja iliyonipa kalamu ya kuchorea. Na yule kijana alikuwa ameuona mchoro wa mama yule tangu mwanzo. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, aliinamisha kichwa. "Nilidhani mwalimu una sababu."

Jibu lake hilo limenikaa moyoni kuliko lile kosa lenyewe, na nitalirudia baadaye.

Msidhani nawasimulia jambo la mtu mmoja. Mwaka 2010 zilichapishwa takwimu za jaribio kubwa la kimataifa la saratani ya kichwa na shingo lililokuwa na wagonjwa zaidi ya 800. Lengo lilikuwa kupima dawa mpya pamoja na mionzi. Dawa haikusaidia kitu. Lakini waliosimamia walikuwa wameikagua mipango ya mionzi ya wagonjwa wote, na wakakuta kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya wanane alikuwa na kasoro kubwa katika mpango wake, ya kutosha kuharibu tiba. Wale waliopangiwa vizuri tangu mwanzo, asilimia 70 walikuwa hai baada ya miaka miwili. Wale wenye kasoro kubwa, asilimia 50. Tunatumia miaka na fedha nyingi kutafuta dawa itakayoongeza asilimia 5 au 8 ya uhai, na hapa tofauti ya asilimia 20 ilikuwa imelala ndani ya kazi yetu wenyewe. Kasoro hizo zilikuwa nyingi zaidi katika hospitali zilizoingiza wagonjwa chini ya watano kwenye jaribio: karibu asilimia 30, dhidi ya asilimia kama 5 kwa zile zilizoingiza 20 na zaidi. Anayechora mara chache huchora vibaya, na wengi wetu, tuseme kweli, kila aina ya saratani tunaichora mara chache.

Kuna jambo la pili linaloifanya elimu hii isingojeke. Dozi zimebadilika. Mtu aliyehitimu miaka 20 iliyopita alifundishwa kwamba titi hupigwa grei 50, grei ikiwa ni kipimo cha dozi ya mionzi, kwa vikao 25, wiki tano. Matokeo ya 2008 yakaonyesha kwamba grei 40 kwa vikao 15 hazizidiwi. Mwaka 2020 tukapata ushahidi wa grei 26 kwa vikao vitano, wiki moja tu. Tezi dume ilikuwa grei 74 kwa vikao 37, na tangu 2016 tunajua kwamba 60 kwa vikao 20 zinatosha. Uvimbe mdogo wa pafu kwa mtu asiyeweza kufanyiwa upasuaji unaweza kupigwa grei 54 kwa vikao vitatu. Kwa mgonjwa hii ni rehema: safari tano badala ya 25, na foleni yetu inapungua ili mwingine apate nafasi.

Lakini fanyeni hesabu ya upande wa pili. Ukikosea kikao kimoja kati ya 25, umekosea asilimia 4 ya tiba, na siku zilizobaki unaweza kurekebisha. Ukikosea kimoja kati ya vitano, umekosea asilimia 20. Kimoja kati ya vitatu, theluthi nzima. Hakuna tena nafasi ya kujifunza katikati ya tiba ya mtu. Kujifunza lazima kutangulie, na kufanyike mahali ambapo hakuna anayeumia.

Ajali kubwa za fani yetu zinafundisha jambo hilohilo. Panama, kati ya 2000 na 2001, madaktari waliomba kinga ya ziada ya kuzuia mionzi isiguse viungo vya nyonga. Nia njema kabisa. Programu ya kupangia tiba ilikubali kinga nne tu, na wao walitaka ya tano. Wahusika wakabuni njia ya kuziingiza zote kwa pamoja, kompyuta ikazipokea bila kulalamika, na ikatoa muda wa mionzi uliokaribia kuwa mara mbili ya unaotakiwa. Wagonjwa 28 walipata dozi ya kupindukia na baadhi yao walikufa kwa sababu hiyo. Madaktari waliona kwamba wagonjwa wanaharisha kwa muda mrefu kuliko kawaida. Waliona mapema. Ilichukua miezi kabla ya ishara ile ya kliniki kuunganishwa na ile hesabu ya kompyuta. Huko Épinal, Ufaransa, 2004 na 2005, zaidi ya wagonjwa 20 wa tezi dume walizidishiwa dozi kwa sababu mpangilio wa kabari, kile kinachopunguza nguvu ya mwale upande mmoja, ulichanganywa na aina nyingine. Wahudumu walikuwa wamepewa mafunzo mafupi, na maelekezo ya programu hayakuwa katika lugha yao.

Hiyo ya lugha naomba tusiipite haraka. Mtu anaweza kuisoma lugha ya kigeni vizuri sana na bado asiweze kuuliza swali la aibu kwa lugha hiyo. Swali la aibu ndilo linalookoa watu. Mafunzo yatolewe katika lugha ambayo mteknolojia wa mionzi, ambaye ndiye wa mwisho kumgusa mgonjwa kabla ya mwale kuwashwa, anaweza kusema ndani yake, "Subirini, hapa sijaelewa."

Sasa tufundishane vipi? Nitasema ninavyoona, na anayeona tofauti anipinge wakati wa maswali.

Hotuba kama hii yangu haitoshi. Watafiti waliokusanya majaribio mengi kuhusu mikutano ya elimu ya madaktari walikuta kwamba utendaji hubadilika kwa asilimia kama 6 au 7 tu, na kwamba mikutano ya kusikiliza peke yake haifikii ile inayochanganya kusikiliza na kushiriki. Hotuba inakupa habari kwamba jambo lipo. Mkono hauijui habari hiyo mpaka uchore. Kwa hiyo popote mtakapoandaa semina ya tiba ya mionzi, gawanyeni saa kwa namna ambayo sehemu kubwa ya muda madaktari wako mbele ya kompyuta, wanachora mgonjwa yuleyule, kisha michoro yao inawekwa pamoja juu ya ukuta mmoja. Niliona hayo mara ya kwanza kwenye mafunzo nje. Madaktari 30, titi moja, na michoro 30 ikawekwa juu kwa juu. Ilionekana kama uzi uliotatizwa na paka. Kimya kilichofuata pale ukumbini kilitufundisha mambo mengi. Jumuiya ya Ulaya ya tiba ya mionzi, ESTRO, hufanya warsha za namna hiyo, na nyingi zinafuatwa kwa mtandao. Huhitaji mashine ya gharama. Picha, programu, intaneti, na mwalimu aliye tayari kuonyesha mchoro wake wa kwanza.

Na baada ya semina? Hapo ndipo panapovuja. Daktari anarudi kazini na cheti na pointi zake za kuhuisha leseni, siku ya pili anachora kama alivyochora wiki iliyopita. Ninachopendekeza ni kikao kimoja kila wiki, saa moja, ambapo michoro ya wagonjwa wote wanaotarajiwa kuanza inafunguliwa mbele ya wenzake kabla ya kikao cha kwanza cha mionzi. Nasisitiza kabla. Kuikagua baada ya vikao kumi ni kutoa rambirambi. Daktari aliye peke yake katika kituo chake atafute mwenzake wa mbali, wafungue picha kwa mtandao. Kikao hicho kihesabiwe kuwa ni elimu, kitolewe pointi, kiandikwe kwenye ratiba, na msimamizi asiruhusiwe kukifuta kwa sababu kliniki imejaa.

Ndani ya kikao hicho anayetangulia kusema awe mdogo kuliko wote. Hapa namrudia yule kijana wangu. Alikuwa na elimu ambayo ingemwokoa mama yule, na ilikuwa imekaa kimya ndani yake kwa sababu ya heshima. Heshima ni kitu chetu chema, sitaki mtu aiondoe. Lakini mkubwa ndiye anayeweza kufungua mlango. Mdogo hawezi kuusukuma kwa nje. Siku hizi nikifungua mchoro wangu simuulizi kijana kama ana swali. Namuuliza, "Nimeacha nini?" Swali hilo linamlazimu atafute, na akikuta kosa, hajakuwa mkosefu wa adabu, amejibu alichoulizwa.

Mtaalamu wa fizikia awepo. Nimeona mafunzo ya madaktari peke yao, ya fizikia peke yao, na ya wateknolojia peke yao, kila mmoja na ukumbi wake na chai yake, halafu Jumatatu tunategemeana kama watu waliobeba ngazi moja. Daktari anapaswa kujua kwa nini ukingo wa tahadhari anaouongeza kuzunguka uvimbe ni milimita 5 na si 3, na jibu hilo liko kwa mteknolojia anayeona kila siku jinsi mgonjwa anavyosogea ndani ya barakoa yake, ile inayomshikilia kichwa mezani, baada ya kupungua uzito. Wiki ya nne barakoa imelegea, tezi za mate zimesinyaa na kusogea ndani, na ule mpango mzuri wa wiki ya kwanza haumhusu tena mtu huyu. Anayeligundua hilo kwanza huwa si daktari.

Kuhusu akili mnemba niseme machache. Programu zinazochora viungo zenyewe zimefika na zinaokoa muda mwingi. Moyo, mapafu, uti wa mgongo, zinachora kwa dakika kazi iliyotuchukua saa. Nazitumia. Hofu yangu iko kwa anayeanza leo ambaye hajawahi kuchora tezi ya mate kwa mkono wake hata mara moja, na anatakiwa aidhinishe mchoro wa kompyuta. Ataidhinisha kwa kipimo gani? Katika mafunzo ya ubingwa achore kwanza mwenyewe, mara nyingi, ndipo afunguliwe programu. Na sisi wakongwe tukikubali mchoro wa kompyuta tupitie kipande kwa kipande, kwa kuwa inapokosea hukosea kwa mstari laini uliopendeza.

Kuna pia madaktari wasiogusa mashine hizi kabisa, nao ni wengi kuliko sisi. Karibu nusu ya wagonjwa wote wa saratani wanahitaji mionzi wakati fulani wa ugonjwa wao, na anayeamua kama watatufikia ni daktari wa kawaida aliyewaona kwanza. Yeye naye ana haki ya kufundishwa. Namwomba ajue mambo mawili hata kama hatajua mengine. La kwanza, maumivu ya saratani iliyofika kwenye mfupa mara nyingi hutulizwa kwa kikao kimoja tu cha grei 8, na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hakuna sababu ya mtu kulala na maumivu hayo eti "mionzi ni ya mwisho." La pili, mgonjwa wa saratani anayesema mgongo unauma na miguu imeanza kulegea ni wa leo, si wa kliniki ya wiki ijayo. Uti wa mgongo unabanwa. Anayefika bado anatembea kwa kawaida huendelea kutembea. Anayefika miguu imeshakufa, mara nyingi hairudi. Apigiwe simu mtu wa mionzi kabla hujamaliza kuandika faili.

Kwa wasimamizi walioko hapa, na nawashukuru kwa kukaa mpaka sasa: mkataba wa kununua mashine ukiandikwa, mafunzo yasiwe mstari mmoja mwishoni wenye maneno "wiki mbili." Yaandikwe kwa majina ya kazi, nani atafunzwa nini, na arudiwe baada ya miezi sita akiwa ameshakutana na matatizo halisi, kwa kuwa maswali ya wiki ya kwanza si maswali ya mwezi wa sita. Na mgonjwa wa kwanza wa mbinu mpya asitibiwe mpaka mtu wa nje ya kituo ameuona mpango wake.

Yule mama tulimtibu tena. Aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Nilimweleza yote, nikamwonyesha zile picha mbili. Aliziangalia kwa muda, akauliza kwa ile sauti yake iliyokwaruzika, "Na hawa vijana wako, wameshaonyeshwa?" Nikamwambia bado. Akasema, "Basi waonyeshe." Picha iliyo ukutani ni yake, jina limeondolewa, kwa ruhusa aliyoniandikia mwenyewe.

Kompyuta zimewashwa chumba cha pili. Kila mmoja atakuta shingo hii kwenye skrini yake, vipande vyote, pamoja na namba badala ya jina. Uvimbe nimeshauchora, kwenu ni tezi za limfu pande zote mbili. Mna dakika 45. Wataalamu wa fizikia na wateknolojia ingieni nasi, kaeni kati ya madaktari, ulizeni. Tukimaliza, michoro yote itawekwa pamoja hapa ukutani, na ule wangu wa miaka ile, wenye pengo lake nyuma ya koo, utakuwa wa kwanza kuonyeshwa, kwa namba 1.